UZI: Potopoto (matope) ya Panzi imemeza lori mbili za mawe. Njia ya bei rahisi ni ipi?

Mama_Shukuru · 14 Septemba

Salamu zenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Panzi hapa Bukavu. Kutoka barabarani wanapoishia motari (wenye pikipiki za abiria) hadi kwenye parsele zetu (tuko nyumba 11) kuna kinjia cha mita 60 hivi kinachokatiza kibonde. Kiangazi ni kigumu kama sakafu, kimepasuka hadi unaingiza kidole kwenye ufa. Mvua za Septemba zikianza tu, basi tena. Juu udongo ni mwekundu, ukichimba kidogo unakuta wa kijivu, unanata kama gundi. Jana nimemtazama mtoto wa jirani akienda shule. Mguu ulizama, akauvuta, ukatoka na soksi nyeupe peke yake. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko, anapapasa kiatu.

Miaka miwili iliyopita tulichanga, tukamlipa mtu aliyejiita mtaalamu. Alimwaga lori mbili za mawe, akayatandaza, akapiga picha, akaenda zake. Mpaka Noeli tulitembea kwa raha. Pasaka haijafika, hakuna jiwe lililoonekana. Wiki iliyopita nimechimba kwa jembe nikayakuta sentimita 30 chini, yamelala salama.

Mwaka huu makuta ni kidogo. Nataka njia ya miguu tu, mama mwenye bidoni kichwani apite bila kusali, na siku kukiwa na mgonjwa motari afike mlangoni. Nilifikiri tununue mchanga tuuchanganye na ule udongo. Mnasemaje?

Motari_Essence

Mama, ile njia minaijua vizuri. Kuna usiku nilibeba mama mwenye mimba, moto ikazama mpaka kwenye moteri. Alishuka akatembea mwenyewe, miye nikabaki kuvuta moto na vijana wawili mpaka saa saba za usiku. Mukiitengeneza, miye nitakuwa wa kwanza kupita. Lakini mchanga hapana. Kuna avenyu moja Kadutu walimwaga mchanga, leo hata miguu haipiti.

MasoMzee

Mama mwalimu, pole. Nimejenga katika mji huu karibu miaka 40, nyumba kadhaa za Kadutu zinazoning'inia mlimani kama viota ni kazi ya mkono wangu. Acha niseme kama ninavyowaambia wasaidizi wangu.

Mawe yenu hayakuzama kwa kuwa yalikuwa machache. Yalizama kwa sababu yaliwekwa juu ya bugali. Udongo ule ukilowa, jiwe likikanyagwa linashuka kidogo, na udongo unapanda pembeni mwake kujaza nafasi. Mtu wa pili akikanyaga, hivyo hivyo. Kila mguu ni nyundo. Mkileta lori kumi, zitashuka zote kumi, ila mtasubiri zaidi.

Motari amesema kweli juu ya mchanga. Ili udongo wa namna hiyo uache tabia yake, mchanga unatakiwa uzidi udongo wenyewe, tena mara mbili na zaidi. Ukitia kidogo unapata ile mchanganyiko tunayofyatulia matofali.

Kabla hujanunua hata ndoo moja ya kitu, nifanyie hivi. Chukua ule udongo ukiwa na unyevu, uviringishe kati ya viganja mpaka uwe uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ukikatika mapema, kuna mchanga ndani. Ukikubali bila kukatika, huo ni mfinyanzi mtupu. Halafu chimba shimo la urefu wa mkono, jaza maji jioni, lifunike mvua isiingie, uangalie asubuhi. Na nijibu swali moja: siku isiyo na mvua, yale maji yanatoka wapi?

Jiwe_la_Goma

Wabukavu poleni sana. Huku kwetu Goma potopoto tunaisikia tu. Tangu lava ya 17 Januari 2002 ikatize mji mpaka ziwani, jiwe unaliokota kizingitini. Kilio chetu ni vumbi jeusi na viatu kuchanika.

Mama_Shukuru

Kaka wa Goma, basi tupakilie boti moja. Lakini ukishalipa boti, na wabebaji wa bandarini, na lori la kupanda Panzi, naona jiwe lako litafika hapa na bei ya mbuzi.

Jiwe_la_Goma

Ha ha, hapo umenipata dada. Ila nikuachie kitu cha maana. Zile kokoto nyeusi za volkano zenye matundu ni nyepesi, na kingo zake kali zinashikana. Kwenye ardhi laini uzito nao ni adui. Hata kama hamna za kwetu, msichukue mawe ya mviringo ya mtoni. Yanabingirika kama mayai, hayashikani hata ukiyapiga siku nzima. Tafuteni yaliyopondwa.

Mama_Shukuru · 16 Septemba

Muzee, nimefanya. Uzi umekubali mpaka nikaukunja kama hereni. Binti yangu ameuvaa. Shimo nimelijaza saa kumi na mbili jioni, asubuhi maji yamepungua upana wa kidole tu.

Na maji: nimetembea juu ya kinjia na jirani. Hatua kama kumi upande wa mlima, chini ya migomba, kuna mahali panatoa jasho. Hakuna kijito cha kuonekana, ila ukikanyaga, maji yanajaa kwenye wayo. Mama mmoja mzee anasema zamani walikuwa wanachota pale. Kumbe tunatembea juu ya chemchemi!

Dada_wa_Nguba

Kwa nini msipige dale ya sima tu, yaani sakafu ya saruji, hata ya sentimita 5? Kwetu tulipiga mbele ya lango, mambo yamekwisha.

MasoMzee

Dada, mbele ya lango lako pana udongo mgumu na paa lenye mfereji. Pale kibondeni udongo unavimba masika na kusinyaa kiangazi. Ameshasema mwenyewe nyufa zinaingia kidole. Dale nyembamba juu ya kitu kinachopumua itapasuka Agosti ya kwanza, na Oktoba maji yataingia kwenye nyufa na kula chini yake. Ukitaka dale ya kudumu pale, weka msingi wa mawe na vyuma, na hapo hatuzungumzi tena bei rahisi.

Injenia_Mtarajiwa

Habari wakubwa. Niko mwaka wa mwisho wa ujenzi hapa Bukavu. Muzee Maso amesema yote ya msingi, naongeza tu.

Kwanza shokaa, maana najua kuna mtu ataitaja. Shokaa inafanya kazi kweli kwenye mfinyanzi: inaufanya uache kunata, uwe wa kumumunyuka, na baadaye ugande. Lakini hesabu. Mita 60 kwa upana wa mita 1.2, kina cha sentimita 15, ni karibu mita za ujazo 11, uzito tani 17 hivi za udongo mkavu. Asilimia 5 ya shokaa ni kilo 860 na kitu, yaani mifuko 35 ya kilo 25. Na lazima uivunje ile tope vipande vidogo na kuichanganya sawasawa, kwa jembe, bila mashine. Mkono na macho vitaungua kabla hujafika nusu.

Pili, watu wamevuka mabwawa tangu zamani bila sima. Uingereza, huko Somerset, mwaka 1970 mchimba mboji alikuta njia ya mbao chini ya ardhi. Wamehesabu pete za miti wakajua ilijengwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo, na ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 2. Tena huko huko, reli ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa 1830 ilipitishwa juu ya bwawa la Chat Moss kwa kulaza matawi na vichaka chini yake, ikawa kama inaelea. Kwa hiyo ninyi mnaweza kulaza mikaratusi, matawi kwa matawi, halafu changarawe juu.

Motari_Essence

Hao wa kabla ya Kristo hawakuwa na motari.

MasoMzee

Kijana, umesoma vizuri lakini umeruka jambo. Ile mbao imedumu kwa sababu imekaa ndani ya mboji iliyojaa maji mwaka mzima, hewa haifiki. Mti unaoza pale unapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kibonde cha mama mwalimu kinakauka kila Juni. Mikaratusi yake itakuwa chakula cha mchwa baada ya miaka mitatu, minne. Na gogo likilowa, gamba likatoka, linateleza kuliko potopoto yenyewe. Nimemwona mtu amevunjika mkono.

Ila wazo la kitu cha kutenganisha ni sahihi. Ndilo nilikuwa nalisubiri.

Injenia_Mtarajiwa

Nakubali muzee, nilisahau kiangazi.

Basi nitoe la pili, na hili naliamini zaidi. Mifuko. Ile ya muchele ya kilo 25, iliyofumwa kwa plastiki. Wajapani wana ufundi wanaouita donou, na Kenya wameutumia kutengeneza barabara za mashambani kwa mikono ya wanakijiji wenyewe. Unajaza mfuko changarawe, unaufunga, unaulaza bapa, unaupiga mpaka ubaki kama sentimita 40 kwa 40, unene 10. Ukikanyagwa, kilicho ndani kinataka kutanuka, mfuko unavutika, na ukivutika unakikaza. Kadiri unavyoukandamiza ndivyo unavyojikaza. Udongo wa chini hauwezi kupanda kupita kitambaa, na changarawe haiwezi kushuka. Maji yanapita.

Kwa upana wa mita 1.2 inakaa mifuko mitatu. Mita 60 ni mistari 150. Jumla 450. Kila mmoja unakula ndoo moja ya lita 20 kabla ya kupigwa.

Mama_Shukuru

Mifuko 450 ya muchele! Mtaa mzima tule muchele mpaka lini?

Lakini nimeipenda. Mume wangu anauliza kwa nini tusitandike shitingi kuukuu, yale maturubai ya plastiki, chini halafu mawe juu. Shitingi tunazo.

MasoMzee

Mwambie baba Shukuru shitingi ni sahani. Maji hayapiti. Yatakaa juu yake, mawe yataogelea, na siku ya kwanza kwenye mteremko kila kitu kitateleza pamoja na mtu. Mfuko uliofumwa una matundu, ndio siri yake.

Sasa sikilizeni, maana naona mnakimbilia mifuko na mmesahau jasho la migombani. Mfuko ni wa pili. Wa kwanza ni mfereji. Upande wa mlima, mita moja kutoka ukingo wa njia, mchimbe mfereji wa kina cha sentimita 40. Utoke mwisho wa huku na mwisho wa huko, uteremkie pale kibonde kinapokuwa chini kabisa. Pale katikati mpitishe maji chini ya njia kwa kisanduku cha mawe: kuta mbili za mawe, tundu la sentimita 40, juu mfunike kwa mawe bapa makubwa. Kila mita moja mfereji ushuke sentimita moja, isipungue. Msitumie jicho, tumieni nivo, ule mpira mweupe wa maji. Jicho ni muongo mlimani.

Na tafadhali, msichimbe njia yenyewe ishuke. Watu wanapenda kuchimba kwanza. Ukichimba kwenye mfinyanzi umetengeneza beseni. Acheni majani na mizizi yake pale juu, ile mizizi ni kitambaa cha bure. Fyekeni, mlaze mifuko juu yake. Njia ipande, isizame.

Nyumba_ya_Chini

Samahani kuingilia, mimi siwajui ila naishi mtaa mwingine kama wenu, upande wa chini. Watu wa juu walitengeneza njia yao vizuri sana, mfereji safi, na ule mfereji ukaishia kwenye ukuta wangu wa nyuma. Mvua moja ya usiku, jiko langu likaondoka. Walipoitwa kwa chef wa avenyu walisema maji ni ya Mungu.

Kwa hiyo mama mwalimu, kabla ya nivo na mifuko, nenda kaongee na wa chini yako. Mji huu unajua maana ya ardhi kuteleza.

Mama_Shukuru

Papa, umenigusa. Ukweli sikufikiria kabisa. Chini yetu kuna nyumba mbili, halafu korongo. Kesho naenda.

MasoMzee

Amesema neno. Nami nilipaswa kulisema mwanzo, nisamehewe. Maji ya kisanduku msiyaache yaruke. Jengeni ngazi za mawe mpaka kwenye korongo, kila ngazi urefu wa kiganja, ili maji yachoke njiani. Pembeni pandeni matete.

Wa_Katuba

Miye niko Lubumbashi. Huku mvua inaanza kama Novemba, na udongo wetu mwekundu ni mwingine. Njia za kartie tunaziba na udongo wa kichuguu: tunavunja, tunalowesha kidogo, tunapiga. Ikikauka ni kama sakafu. Munaweza kumwaga ule juu ya mifuko?

Injenia_Mtarajiwa

Kaka, kwenu kuna kiangazi kirefu na ardhi tambarare, kichuguu kinapata muda wa kukauka. Hapa mvua ni Septemba mpaka Mei. Mvua ikikaa juu yake miezi tisa kitarudi kuwa tope. Juu ya mifuko waweke changarawe yenye vumbi lake, ile iliyochanganyika ndogo na kubwa. Vumbi linajaza nafasi, likipigwa likiwa na unyevu linashika.

Mama_Shukuru · 3 Novemba

Nimerudi na habari. Samahani kwa ukimya, tulikuwa na mitihani.

Kwanza nilienda kwa wa chini. Mzee wa nyumba ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ndiyo mara ya kwanza mtu wa juu kuja kumwona kabla ya maji. Alitupa njia kupitia ukingo wa parsele yake kwa sharti tujenge ngazi za mawe na yeye achague mahali. Tumekubali. Na mawe ya ngazi tuliyapata wapi? Yale ya lori mbili! Vijana waliyachimbua kwa siku tatu. Yametoka yamevaa tope kama mandazi yamevaa sukari.

Mfereji tulifanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi mbili. Ya kwanza fundi kijana mmoja alisema nivo ya nini, yeye anaona kwa macho. Muzee Maso, ulijua. Jumatatu mvua ikanyesha, nikatoka na mwavuli kuangalia: upande wa kulia maji yanatembea vizuri, upande wa kushoto yamesimama katikati, yametulia, hata bata wa jirani wameshaingia. Tukaazima ule mpira. Watu wawili, mmoja huku mmoja huko, maji ndani ya mpira yakasimama, tukapima: pale katikati palikuwa na nundu ya sentimita 6. Kwa macho hukuona kitu, naapa. Tulichimba nundu, bata wakaondoka.

Na hiki ndicho kilichonishangaza. Mfereji tu, bila mfuko hata mmoja, bila jiwe juu ya njia, baada ya siku kumi njia ilishaanza kushika. Bado ni tope, lakini kiatu kinarudi.

Motari_Essence

Njo ile niliona! Nilipita Ijumaa nikafikiri nimepotea njia.

Mama_Shukuru · 3 Novemba

Mifuko: wenye maduka ya muchele wametuuzia iliyotumika kwa bei ndogo, mingine tumepewa kanisani baada ya arusi. Tumefikisha 380. Changarawe tunanunua kwa wale wamama wanaoponda mawe kando ya barabara, kwa ndoo, na wabebaji wanaleta hadi kibondeni na mikaba yao kwenye paji la uso. Mama mmoja alinicheka: "Mwalimu, mnashonea ardhi nguo?"

Injenia_Mtarajiwa

Mwalimu, msijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi ya kiganja kabla ya kufunga, la sivyo mfuko utabaki mviringo kama tumbo na hautalala bapa. Na mdomo uliofungwa uelekee chini ya mfuko unaofuata. Pale pabaya zaidi wekeni tabaka mbili, za juu zipishane na za chini kama matofali.

MasoMzee

Na katikati ya njia pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 3. Ukimwaga kikombe cha maji, yajue mahali pa kwenda.

Mama_Shukuru · 19 Desemba

Tumemaliza. Karibu tumalize.

Mifuko iliyoingia ni 555: mistari yote 150, na zile mita 14 za chemchemi tabaka mbili. Tulipiga kwa vipande vya magogo vyenye mipini miwili, watu wawili wawili, wamama wakiimba. Mfuko wa kwanza kupigwa niliusikia mwenyewe: mara ya kwanza unatoa sauti laini, "puf", kama godoro. Piga ya nane, ya tisa, sauti inabadilika, inakuwa kavu. Hapo unajua umelala.

Gharama yote, changarawe, wabebaji, mifuko, chakula cha vijana, haikufika bei ya mifuko 20 ya sima. Mtaalamu wa lori mbili alikula zaidi ya hapo.

Sasa aibu yangu. Changarawe ilipungua karibu na mwisho, na mimi nilikuwa shuleni. Baadhi ya watu, siwataji maana mmoja nalala naye nyumba moja, walijaza mifuko kama 20 na ule ule udongo wa kijivu, wakaifunga vizuri, wakaipanga. Kwa macho haina tofauti. Mvua kubwa ya tarehe 11 ikashuka. Nikitembea asubuhi, mguu unajua: gumu, gumu, gumu, halafu unakanyaga mto wa kulalia. Tumeifukua yote. Imetoka kama maini.

MasoMzee

Mfuko haubadilishi kilicho ndani. Baba Shukuru ajifunze.

Mama_Shukuru

Anasoma hapa, muzee. Amenyamaza.

Dada_wa_Nguba

Sasa hiyo mifuko si itachanika? Mfuko nikiuacha uani miezi michache unakuwa unga.

Injenia_Mtarajiwa

Dada, jua ndilo linaloumaliza. Ukifunikwa unakaa miaka mingi sana. Ndiyo maana juu wanaweka changarawe sentimita 5, na kila ikiliwa wanaongeza. Ukiona kitambaa kinachungulia, hiyo ni kengele.

Mama_Shukuru · 22 Aprili

Mliniuliza kwa inbox mwisho wake ulikuwaje. Nimesubiri Aprili makusudi, maana Aprili ndiyo mwalimu mkali.

Njia ipo. Mita 60 zote. Wiki jana mvua ilipiga kutoka saa nane mchana mpaka usiku. Asubuhi watoto walipita na viatu vyeusi, wakafika barabarani na viatu vyeusi. Sehemu mbili zimeshuka kidogo, upana wa vidole viwili, zote karibu na kisanduku, ambapo nadhani hatukupiga vya kutosha. Mifuko mitatu imechungulia pale kwenye kona, kwa sababu motari wote wanakata kona ile ile.

Motari_Essence

Mama, kona ni kona. Lakini juzi nilileta mgonjwa mpaka mlangoni, saa nne za usiku, mvua inanyesha. Sikushusha hata mguu.

Ila jirani yenu anayejenga alitaka nimpitishie matofali na mukokoteni. Nilikataa.

Mama_Shukuru

Asante sana kaka. Tumeshaweka mawe mawili makubwa mwanzoni, moto inapita, mkokoteni haupiti. Amekasirika. Atabebesha wabebaji kama sisi sote.

Nyumba_ya_Chini

Na yule mzee wa chini?

Mama_Shukuru

Matete yameshika, yanafika kiunoni. Anayakata anampa mbuzi wake. Amesema tukitaka kupanua ngazi tumwambie.

Ninatafuta mifuko 30 ya kilo 25 kwa ajili ya marekebisho ya Juni, mwenye nayo asiichome.

MasoMzee

Nitakuletea 10. Mfereji umesafishwa lini mara ya mwisho?

Mama_Shukuru

Muzee...

MasoMzee

Nimeuliza tu.

Mama_Shukuru

Januari. Salongo ni Jumamosi hii.